Mtamba Aliyekufa kwa Mdomo

Picha iliingia kwenye simu saa nne asubuhi ya Jumanne, Werema akiwa kwenye kiti cha kinyozi pale Nkende, Tarime, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande wa pili bado msitu.

Ilikuwa picha ya kadi, tena imepigwa ovyo, kidole gumba cha mpigaji kimeziba kona moja. Werema hakuhitaji kuona zaidi. Mtamba wa rangi ya wingu la mvua, amesimama juu ya radi utadhani yuko malishoni, pembe zimeelekea mbele. Chini yake mwenye kadi alikuwa ameandika: "Habari zenu wanagrupu. Mimi ni Mama Agustina, nina duka la madaftari hapa Mugumu. Hii nimeikuta kwenye pakiti iliyopasuka. Ina thamani yoyote au niwashie jiko?"

"Jiko!" Werema alifoka, akashika kifua. "Simioni, malizia upesi, nina safari."

Simioni kinyozi aliinua mashine, na umeme ukakatika palepale. Mashine ililia kidogo, ikanyamaza.

"Utarudi saa nane," Simioni alisema kwa upole wa mtu aliyezoea. "Au saa kumi. Au kesho, nani anajua."

"Nipe kofia yako."

"Mura, kijana wewe, utaenda wapi na kichwa hicho? Kimekaa kama shamba la ndugu wawili waliogombana."

"Kofia, Simioni!"

Hapa inabidi sisi wenyewe tumweleze Werema, maana akijieleza mwenyewe mtamwamini. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa hapohapo Nkende, shati safi siku zote, maneno laini hata akikuumiza unasema asante. Kazi yake ilikuwa uthamini wa kadi. Miaka miwili iliyopita mchezo wa Vita vya Mazimwi ulivuka mpaka wa Sirari kutoka Kenya, na Tarime nzima ikaugua. Madereva wa bodaboda, mafundi cherehani, walimu, hata wanakwaya wawili watatu ambao hatutawataja, wote walinunua pakiti na kukaa barazani kupambanisha mazimwi. Kila mchezaji ana kuni zake. Ukitaka kumwingiza mnyama uwanjani unalipa kuni, mnyama anapigana, anayeishiwa nguvu kwanza ndiye kapigwa.

Toleo jipya likitoka, hakuna anayejua kadi ipi ni moto na ipi ni majivu. Hapo ndipo mthamini anapohitajika. Werema alikaa kinyozini kwa Simioni, miwani puani ingawa macho yake ni mazima, akipokea kadi mpya moja moja na kutoa hukumu. Na hukumu zake, tusifichane, zilifuata sheria moja tu. Kadi aliyokuwa nayo nyingi ilikuwa "lulu ya toleo." Kadi aliyokuwa hana ilikuwa "takataka."

Wiki iliyopita tu Emanueli wa bodaboda alimletea Zimwi Macho Saba, kadi inayong'aa mpaka inaumiza.

Werema aliigeuza, akaguna, akaitazama kwa huruma kama daktari. "Macho saba, Ema. Mchezaji mwenzako akikurushia pilipili, yote saba yanawasha. Umelifikiria hilo?"

"Sikufikiria," Emanueli alikiri.

"Basi mimi nitakusaidia. Nipe hii, chukua Chura wa Matope watatu. Lulu ya toleo."

Emanueli aliondoka na vyura wake watatu akimshukuru. Ndivyo mambo yalivyokwenda mwezi mzima, na ndivyo Werema alivyofikisha kadi arobaini na tisa kati ya hamsini za toleo jipya la Zizi la Mawingu.

Hakuzikusanya kwa mapenzi. Msambazaji mkuu, mwanamke aitwaye Kezia kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi atakuwa Sirari, na mtu wa kwanza kumwekea mezani seti kamili, kadi zote hamsini halisi, ndiye atakayekuwa wakala wa mkoa mzima wa Mara. Si wa Tarime, wa mkoa! Kila pakiti itakayofunguliwa kuanzia Sirari hadi Bunda itapita mikononi mwake. Werema, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa hajawahi kuwa na kitu chenye jina lake juu isipokuwa cheti cha ubatizo, alikuwa ameshachorewa bango. Lilisimama ukutani kwa Simioni, limefunikwa gunia: WEREMA NCHAGWA, WAKALA MKUU WA MKOA. Kila asubuhi alifunua gunia kidogo, akasoma, akafunika.

Ilibaki kadi moja. Mtamba wa Ngurumo. Na sasa kuna mama Mugumu anataka kumchoma jikoni.

Aliandika haraka kwenye grupu kabla mwingine hajafungua mdomo: "Shikamoo mama. Hiyo kadi ni takataka kabisa. Lakini usichome, moshi wake si mzuri kwa afya. Nakuja leo kuikagua mwenyewe. Huduma hii ni bure."

Sisi tunaomfahamu Werema tunajua neno "bure" lilimtoka kwa shida.

*

Mama Agustina hakuwa dukani. Jirani alimwelekeza nyumbani kwake upande wa Manchira, na Werema alifika saa tisa, vumbi la barabara limemkaa mpaka kwenye kope, kofia ya Simioni imekandamizwa hadi masikioni.

Alimkuta amekaa barazani, mama wa miaka sitini na kitu, mnene wa heshima, miguu imenyooshwa mbele. Pembeni yake alikaa mzee mwembamba mwenye fimbo, Mzee Kornelio wa Nyansurura, shemeji yake, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji mpaka leo anakohoa kama anafungua mkutano.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu?" Agustina alimtazama kuanzia viatu. "Umekuja mbio kweli. Kaa kwanza unywe maziwa."

Maziwa ya mgando yalimiminwa kutoka kwenye kibuyu, mazito, yananukia moshi. Werema alinyoosha mkono.

"Tuombe," alisema Mzee Kornelio.

Mama akainamisha kichwa. Mzee akavua kofia. Werema akabaki na ya kwake kichwani. Mzee Kornelio hakuanza sala. Alifungua jicho moja, akalielekeza kwenye ile kofia, akasubiri kwa subira ya mtu ambaye hana pa kwenda. Werema akavua.

Mama Agustina alikitazama kile kichwa, upande huu, kisha upande ule, akafumba macho tena. Sala ikaendelea vizuri, ingawa sauti ya mzee ilitetemeka kidogo mahali pa kumshukuru Mungu kwa wageni.

Baada ya maziwa mama alitoa kadi kifuani, akaiweka juu ya kigoda. Werema alijilazimisha asiiguse. Aliitazama kwa mbali, akapiga miayo.

"Mama, mimi nakuheshimu kwa hiyo sitakudanganya," alianza. "Mtamba huyu anakula kuni tano. Tano! Na nguvu zake? Mbili. Kwa kuni tano mimi naingiza Zimwi Macho Saba, mchezo unaisha."

"Hilo zimwi linazaa?" Agustina aliuliza.

"Halizai, mama. Linapiga."

"Mtamba huyu ameandikwa hapa kila zamu anazaa ndama mmoja."

"Ndama wa nguvu moja tu! Dhaifu. Mwanzo mbaya, mwisho mbaya, rangi yenyewe imefifia. Katika toleo zima hakuna kadi mbovu kama hii, nakwambia ukweli."

"Zamu moja ndama mmoja, zamu ya pili wawili, ya tatu watatu." Agustina alihesabu kwa vidole taratibu. "Wenzako wanaleta mnyama mmoja mmoja, wewe una zizi. Na angalia mgongo ulivyonyooka. Angalia kiwele kinavyoanza. Mwanangu, mimi nimekaa mnadani miaka ishirini na sita, huyu ng'ombe ni mzuri."

"Ng'ombe ni mzuri, mama. Kadi ndiyo mbovu." Werema alitabasamu. "Lakini kwa kuwa nimeshafika, nitaichukua kwa hasara yangu. Nikupe vyura kumi wa matope. Lulu ya toleo."

"Siuzi." Alisema bila hasira. "Mnyama hauzwi kwa mtu aliyemtukana mbele yake, ni mkosi. Lakini naona umempenda. Mimi nitakukabidhi umfuge."

"Nimfuge?"

"Umfuge. Hujui kufuga ng'ombe wa mtu? Baba yako hakukufundisha?"

Werema alijua, kwa kusikia. Mtu mwenye mifugo mingi humkabidhi mwenzake mtamba, mwenzake anakunywa maziwa, ndama wanagawanwa. Babu yake aliishi hivyo. Yeye mwenyewe alikulia nyuma ya maduka, mnyama pekee aliyewahi kumfuga ni paka, na paka alihama. Lakini akili yake ilishaanza kucheka. Mama huyu anampa kadi bila senti, bila hata chura! Kwa masharti ya ng'ombe! Akameza kicheko pamoja na funda la maziwa.

"Nakubali, mama. Ni heshima kubwa."

"Basi Kornelio atasema masharti. Ngoja nimtafutie kava."

Akaingia ndani na kadi. Humo ndani mkasi ulisikika, kwi, kwi, mara mbili. Werema alidhani anakata plastiki. Mzee Kornelio alikohoa, mkutano ukafunguliwa.

"Maziwa ni yako. Ushindi wote utakaoupata naye, hayo ndiyo maziwa. Ndama wa kwanza wa mwenye mtamba, wa pili wako, hivyohivyo. Akiugua unasema. Akifa kweli unaleta ngozi, tunalia pamoja, hudaiwi. Lakini ukimuua kwa mdomo na kumbe yuko hai, zizi lako lote linahamia kwa mwenye mtamba. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Rudia."

Werema akarudia neno kwa neno, kama mtoto wa kipaimara, hadi lile la zizi. Mama akarudi na kadi ndani ya kava nene la plastiki, akamkabidhi kwa mikono miwili. Werema naye akapokea kwa mikono miwili, akavaa kofia, akaaga kwa adabu. Alipofika barabarani alicheka mpaka akakaa chini.

*

Nyumbani aliitoa kadi kwenye kava, akaibusu. Kona ya chini upande wa kushoto ilikuwa na vikato viwili vidogo, kimoja juu ya kingine. Panya, alijisemea, au mashine ya kiwandani. Kezia alitaka kadi halisi, hakusema lazima ziwe nzima. Akairudisha ndani ya kava, akaipachika kwenye albamu, nafasi ya hamsini. Seti ikajaa. Tumwache na furaha yake kidogo, ilikuwa ya kweli, alilia hata machozi.

Jumatano asubuhi simu ililia.

"Mwanangu, hujambo? Mtamba wangu ameamkaje?"

"Ameamka salama, mama."

"Amekula?"

Werema alitazama albamu. "Amekula vizuri sana."

"Usimlaze penye unyevu. Haya."

Jioni akapiga tena kuuliza kama mtamba amezoea wenyeji. Alhamisi asubuhi akauliza kama ananya vizuri. Werema alijibu yote, kwa heshima, huku Simioni akimalizia upande wa pili wa kichwa na kushindwa kunyoosha mkono kwa kicheko. Alhamisi mchana mama akapiga mara ya nne.

"Nimemkumbuka. Jumamosi nitakuja Tarime kumwona. Mwenye ng'ombe lazima aone ng'ombe wake, si ndiyo?"

Jasho lilimtoka Werema hadi chini ya kitambaa cha kinyozi. Jumamosi ndiyo siku ya Sirari. Mama akimkosa Tarime ataulizia, na grupu zima litamwambia yuko wapi na kwa nini. Aliwaza sekunde tatu, muda mrefu kwa mtu wa aina yake, kisha akashusha sauti.

"Mama... nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Mtamba hatunaye."

"Ati?"

"Mvua ya jana. Bati linavuja pale kwenye meza. Nimeamka nikamkuta amelowa, karatasi imekuwa uji. Amekufa, mama. Nimelia."

Upande wa pili mama akavuta pumzi ndefu.

"Pole, mwanangu. Ni mapenzi ya Mungu. Basi, niletee ngozi."

"Ngozi gani, mama?"

"Ngozi ya mtamba. Masharti uliyarudia mwenyewe."

Mtu mwingine angeona aibu, Werema aliona kazi ya mikono. Alichukua Chura wa Matope, lulu ya toleo, akamloweka kwenye beseni mpaka wino ukatoka na picha ikawa tope kweli. Akabakiza kona moja tu, ya chini upande wa kushoto, kavu na nzima, ili mama aone kwamba hii ilikuwa kadi. Akaitia kwenye kava kuukuu, akalifunga kwa gazeti, akalituma kwa gari la Mugumu. Kisha akaenda kufunua bango na kulisoma mara mbili.

Ijumaa jioni mama alipiga.

"Ngozi nimeipata," alisema. "Asante. Nimeiona vizuri."

Hakusema zaidi, na Werema akalala usingizi wa mtoto.

*

Jumamosi saa tatu ukumbi mdogo nyuma ya mgahawa mmoja pale Sirari ulijaa. Werema aliwaalika watu wake wote, Simioni, Emanueli, baraza zima, waje kushuhudia. Bango alilibeba Emanueli kwenye pikipiki, bado kwenye gunia. Lilipaswa kufunuliwa saa ileile.

Kezia alikaa mezani, mwanamke wa miaka arobaini, mrefu, mwenye macho ya kukagua. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kenya, na kabla ya kadi aliwahi kuuza ng'ombe, ingawa hilo Werema hakulijua.

"Karibu. Wacha nione hiyo seti," alisema.

Werema alifungua albamu kama anafungua pazia la kanisani. Kezia akaanza kugeuza kurasa, akigusa kila kadi. Nyuma minong'ono ikaanza.

"Lile si Zimwi langu?" Emanueli alisema kwa sauti. "Si ulisema takataka?"

"Ni takataka, Ema," Werema alinong'ona bila kugeuka. "Nakusanya takataka. Nyamaza."

"Arobaini na nane, arobaini na tisa," Kezia alisema. "Hamsini. Seti iko kamili." Ukumbi ukaguna. Kezia aliitoa kadi ya mwisho kwenye kava, akaisogeza dirishani, akasita. "Lakini huyu ng'ombe ako na alama ya sikio."

"Panya, dada."

"Panya hawezi kata hivi. Vikato viwili, kimoja juu ya kingine, kushoto. Hii ni alama ya mwenye ng'ombe. Ni ya nani?"

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Mama Agustina aliingia na gauni la kanisani, Mzee Kornelio nyuma yake na fimbo. Hawakuwa na haraka. Walisalimia kila mtu, waliosimama na waliokaa, Simioni akasema shikamoo mara mbili kwa woga. Werema alisalimia kwa sauti ambayo haikutoka.

"Nimekuja msibani," Agustina alimwambia Kezia. "Nilimkabidhi kijana huyu mtamba Jumanne. Alhamisi akaniambia amekufa. Hii hapa ngozi aliyoniletea." Akafungua gazeti, akaweka lile tope mezani. "Mwenzangu, nawe naona unajua ng'ombe. Nionyeshe sikio."

Kezia aliinama juu ya tope. Kona ya chini kushoto ilikuwa kavu na nzima, haina mkato hata mmoja. Akaiweka kando ya kadi ya mtamba.

"Hii ngozi si ya huyu ng'ombe," alisema. "Na huyu ng'ombe mwenyewe bado anapumua."

Ukumbi ulipasuka. Simioni alicheka akaegemea ukuta. Mzee Kornelio alikohoa, watu wakanyamaza bila kuambiwa, akayasema masharti yote tena, hadi la zizi. "Na aliyarudia mwenyewe," alimalizia, "kofia mkononi."

"Jamani!" Werema alisimama. Sauti yake ilikuwa kali, na kwa mara ya kwanza haikuwa na asali. "Hii ni karatasi! Ng'ombe gani? Nyie mnataka kuninyang'anya seti yangu kwa mambo ya zizi, mimi sina zizi! Hii ni karatasi tu!"

"Kama ni karatasi," aliuliza Mzee Kornelio, "ngozi ulileta ya nini?"

Werema alifungua mdomo. Tangu azaliwe hajawahi kukosa neno. Alilitafuta kushoto, akalitafuta kulia, akakaa.

Kezia alifunga albamu, akaweka kiganja juu yake. "Kwetu pia ni hivyohivyo. Mtu anayeua ng'ombe kwa mdomo, mimi siwezi mwachia mkoa. Leo ameua mtamba wa mama, kesho ataniambia katoni zangu zimekufa na mvua." Akamgeukia Werema. "Mimi nakuuliza mara moja. Masharti uliyakubali ama hukuyakubali?"

Watu wote aliowaalika walikuwa wanamtazama. Werema alitazama gunia lililofunika bango. Aliumia, na hatutamcheka hapo, maana mwezi mzima alikuwa akisoma jina lake kila asubuhi.

"Niliyakubali," alisema.

Kezia akaisukuma albamu mbele ya Agustina. "Basi mama, seti ni yako. Na uwakala pia."

Ndipo Werema alipoona kitu usoni kwa mama, kitu kidogo, karibu na mdomo. Hakuwa anashangaa hata kidogo.

"Mama," alisema polepole, "wewe tangazo la uwakala ulilisoma?"

"Nililisoma siku lilipotoka." Agustina alimpangusa vumbi begani kama mtoto wake. "Nilikuwa na mmoja, nikajua lazima yupo mtu anayekusanya wale arobaini na tisa, lakini yupi? Kule mnadani nimeona miaka yote, mnunuzi akianza kumponda ng'ombe wangu naongeza bei. Nikaweka picha, nikangoja nani atamtukana kwanza. Ukanitukania haraka kweli, mwanangu. Hata hivyo nilikuwa na wasiwasi, mpaka ulipovua kofia. Nikasema, mtu hawezi kusafiri na nusu kichwa kwa ajili ya takataka."

*

Bango nalo alilichukua. "Zizi ni pamoja na lango lake," alisema, na Mzee Kornelio akathibitisha. Fundi alipaka rangi juu ya jina la Werema, akaandika AGUSTINA, maneno mengine yakabaki yalivyo. Sasa linaning'inia juu ya duka la madaftari pale Mugumu, na walionyang'anywa kadi zao, Emanueli wa kwanza, walipewa kila mmoja pakiti ya kufutia machozi.

Werema je? Alikaa wiki mbili Nkende bila kuonekana, kisha mama akampigia simu, safari hii hakuuliza habari za mtamba. "Nahitaji mthamini," alisema. "Wewe jicho unalo, ulichokosa ni mdomo wa kufanana nalo. Njoo."

Akaenda. Anakaa kwenye kona ya duka, bila miwani, anathamini matoleo mapya kwa watu wanaokuja hata kutoka Tarime kumsikiliza. Ukutani juu ya kiti chake pana ubao, na kwenye ubao mama amewamba lile tope la Chura kwa misumari midogo pande zote, kama ngozi inavyowambwa juani. Wateja wakiuliza ni nini, mama anamwachia Werema ajibu, na Werema anajibu ukweli, kwa sababu amekaa chini ya ngozi hiyo.

Tatizo ni ile rangi ya bango. Fundi aliipaka nyepesi, na mvua ikinyesha AGUSTINA inalowa, chini yake WEREMA inajitokeza hafifu, herufi kwa herufi. Juzi mvua ilishuka mchana, na Werema akaacha kadi mezani akatoka nje, akasimama katikati ya barabara, uso juu, anasoma. Alikuwa anatabasamu kama siku za gunia.

"Werema!" mama aliita kutoka dukani. "Ingia ndani, utalowa! Ukifa na mvua, mimi nitampelekea mama yako ngozi gani?"